Medali ya Babu Ikiwa Nyeusi, Usikimbilie Kuisugua

Arobaini ya mzee ikishapita, sanduku lake la bati hufunguliwa. Humo mnatoka kanzu, stakabadhi za kodi ya kichwa, picha zilizoliwa na mende, na chini kabisa, ndani ya kitambaa, kidude cha duara, kizito, cheusi kama sufuria ya kuni. Mjukuu mwenye bidii anakichukua, anatia majivu na ndimu, anasugua. Robo saa baadaye kinang'aa kama sahani ya harusi. Watu wanafurahi, picha zinapigwa, status inawekwa.

Hasara imeshatokea hapo, na hakuna aliyeiona.

Weusi ule haukuwa uchafu. Wajuzi wa vitu vya kale wanauita patina, yaani ngozi ambayo metali hujivika yenyewe kadiri miaka inavyopita. Ngozi hiyo inaeleza medali ilikaa wapi, ilivaliwa au ilifichwa, na kama imetengenezwa juzi na tapeli. Pia kwenye ukingo wa medali nyingi za zamani kuna maandishi madogo sana, namba na jina la askari. Ukisugua kwa nguvu, mkono unapita pale pale penye jina.

Wazee wetu wengi waliopigana vita vya Wazungu hawana sanamu wala kitabu. Kwa hiyo ni vizuri kujua kinachotokea juu ya hicho kipande cha metali kabla ya kuchukua kitambaa.

KEYA NA MEDALI YA FEDHA

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza Agosti 1914, Afrika Mashariki iligawanyika kati ya Mwingereza na Mjerumani, na vijana wa huku wakajikuta pande zote mbili. Upande wa Mwingereza walikuwapo askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo watu walilikatia jina wakaliita Keya. Nyuma yao walikuwapo wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao bado liko midomoni mwetu kila siku: Kariakoo. Wapagazi hao walibeba risasi, unga na majeruhi porini kwa miaka minne. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Vita vilipoisha, Uingereza ilitoa medali ya vita ya 1914 hadi 1920. Ni kiduara chenye kipenyo cha milimita 36. Upande mmoja una uso wa Mfalme George wa Tano, upande wa pili una mpanda farasi aliye uchi. Zilitengenezwa za fedha zaidi ya milioni 6. Lakini zilikuwapo pia za bronzi, kiasi cha 110,000 hivi, na hizo zilipewa hasa vikosi vya vibarua, wakiwamo Wachina, Wahindi na Wamalta. Sura ni ile ile, mfalme ni yule yule, ila metali tofauti.

Mtindo huo ulikuwa wa zamani. Medali ya Afrika Mashariki na Kati, iliyotolewa kwa mapigano ya 1897 hadi 1899, mengi yake huko Uganda, nayo ilikuwa na fedha kwa askari, na bronzi kwa wapagazi na watumishi wa kambi.

Matokeo yake ni kwamba leo, baada ya miaka mia na ushei, rangi yenyewe inasimulia cheo. Ya fedha imekuwa nyeusi. Ya bronzi imekuwa ya kahawia. Ukiziweka mezani pamoja bila kusoma neno lolote, utajua nani alishika bunduki na nani alibeba mzigo.

WEUSI UNATOKA WAPI?

Wengi wanadhani fedha inapata kutu kama chuma. Hapana. Fedha haina ugomvi na hewa safi. Adui yake ni salfa, ile ile inayonuka kwenye yai viza. Moshi wa makaa ya mawe unayo, sufu inayo, mpira unayo, hata karatasi na maboksi ya bei rahisi yanayo. Salfa ikikutana na fedha, hasa penye unyevunyevu, juu yake huota utando mwembamba mno unaoitwa salfaidi ya fedha.

Utando huo hauanzi mweusi. Mwanzoni fedha inakuwa ya manjano hafifu kama chai ya rangi iliyowekwa maji mengi. Kisha inaelekea wekundu, halafu zambarau na buluu, ndipo inafika kwenye kijivu na weusi. Rangi hizo za katikati zinatokana na mwanga kucheza kwenye utando, kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Ndiyo maana medali iliyokaa kwenye boksi lake miaka mingi bila kuguswa inaweza kuwa na rangi kama shingo ya njiwa. Wakusanyaji wa medali wanaipenda sana hiyo, na wengine hulipa zaidi kwa ajili yake.

Kuna jambo jingine. Fedha ya medali si fedha tupu. Ndani yake huwa kuna asilimia 7.5 ya shaba ili iwe ngumu, maana fedha peke yake ni laini. Shaba hiyo inaharakisha kubadilika rangi. Ongeza unyevu na chumvi ya hewa ya baharini, au moshi wa jikoni kwenye nyumba ya bara, na utaelewa kwa nini medali za babu zetu hazikuchelewa kuwa nyeusi.

Kumbe jasho nalo limo. Kidole cha mtu kina chumvi na mafuta. Mtu akishika medali kwa mkono mtupu na kuiweka bila kuipangusa, alama za kidole chake zinaweza kuila metali polepole na kubaki hapo moja kwa moja. Zipo medali za kale zenye alama ya kidole iliyojichora ndani ya patina. Ni ya nani? Labda ya mwenyewe, labda ya karani aliyeigawa. Jina la mwenye kidole halipo, kidole chake kipo.

ASKARI WAWILI, MEDALI MOJA

Tuseme askari wawili walitoka vitani siku moja, kikosi kimoja, wakapewa medali zinazofanana. Wa kwanza akaifunga kwenye kitambaa, akaitia sandukuni, akarudi kulima. Wa pili akabaki jeshini, kila gwaride akaivaa.

Ya wa kwanza itakuwa nyeusi sawasawa, uso mzima. Lakini chini ya weusi huo kila kitu kipo: ndevu za mfalme, misuli ya farasi, herufi zote za ukingoni. Weusi umefanya kazi ya blanketi. Utando ukishakuwa mnene, unapunguza hata mwendo wa salfa kufika kwenye fedha iliyo chini.

Ya wa pili itang'aa, lakini mfalme amechoka. Pua imelainika, nywele zimekuwa kama sabuni iliyotumika. Sababu ni amri ya jeshi: vifungo ving'ae, viatu vipigwe kiwi, medali zipigwe Brasso. Kila kusugua kunaondoa ule utando, na ule utando wenyewe una fedha ndani yake. Dawa za kung'arishia nazo nyingi zina chembechembe zinazokwaruza. Mara moja huoni kitu. Fanya hivyo kila wiki kwa miaka 15 uone.

Na kama alivaa medali mbili au tatu kwa mpigo, kuna alama nyingine. Zinaning'inia bega kwa bega, na akitembea zinagongana, kililili, siku nzima. Zikigongana zinaachiana vishimo vidogo. Mfano maarufu ni medali ya Misri ya 1882, ambayo ilivaliwa pamoja na nyota ya bronzi ya Khedive. Ncha za nyota ziliugonga uso wa Malkia Victoria hadi medali nyingi zikabaki na makovu kama ya ndui. Mtaalamu akiona makovu hayo anajua huyu mtu alivaa medali zake, alitembea nazo, pengine alijivunia.

Ndiyo maana wajuzi hawasemi kwamba nyeusi ni nzuri na iliyolainika ni mbaya. Zote mbili ni ushahidi. Kulainika kulikofanywa na mwenyewe ni sehemu ya maisha yake. Kulainika kunakofanywa na mjukuu leo ili apate picha ni kitu kingine kabisa.

SHABA, BRONZI NA KIJANI

Pamoja na medali ya fedha, askari wengi wa vita ile walipata Medali ya Ushindi, yenye umbo la mwanamke mwenye mabawa na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Hii ni ya bronzi iliyopakwa rangi ya dhahabu juu. Rangi ikitoka, bronzi inabaki wazi, nayo inaanza safari yake.

Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati. Shaba ikikutana na oksijeni inavaa kwanza wekundu wa udongo, kisha kahawia, kisha kahawia nzito ya kahawa iliyokaangwa. Hiyo ni patina nzuri, imetulia, inailinda metali. Unyevu na chumvi vikizidi, kijani kinajitokeza. Kijani kilichoshikamana, laini kwa kidole, hakina haraka. Cha kuogopa ni kijani cheupe-cheupe cha unga unga, kinachotokea kwa madoa madoa na kurudi hata ukikifuta. Hicho wataalamu wanakiita ugonjwa wa bronzi. Chumvi imeingia ndani ya metali, na kila ikipata unyevu inakula tena. Medali ya namna hiyo itengwe na nyingine, iwekwe pakavu, ipelekwe kwa mtaalamu wa makumbusho.

Ukitaka kuona patina ya bronzi kwa ukubwa wake, nenda Posta, Dar es Salaam, kwenye Sanamu ya Askari iliyosimamishwa 1927. Weusi na ukijani wake ni kemia ile ile ya kwenye medali, na hewa ya bahari iko jirani. Sanamu hiyo ina maandishi kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, lakini yule askari aliyenyoosha bunduki hana jina. Anasimama kwa niaba ya wote.

Vita ya Pili ilikuja na metali nyingine. Nyota zake, ikiwamo ile ya Burma ambayo wazee wa Keya waliipata kwa kupigana msituni dhidi ya Wajapani, zilitengenezwa kwa shaba na zinki. Hizo zinageuka kahawia ya chokoleti. Medali za duara za vita hiyo ni za shaba na nikeli, kwa hiyo haziwi nyeusi kama fedha, zinafifia tu na kuwa za kijivu. Mtu akikuletea medali ya Vita ya Pili ya Uingereza iliyo nyeusi ti na kukuambia ni fedha safi, muulize maswali.

WEUSI WA KUTENGENEZA

Siyo kila patina imeletwa na miaka. Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza tangu 1856, unatoka kwa sonara wake London ukiwa tayari na rangi ya kahawia nzito. Anaupaka dawa makusudi. Kwa miaka mingi ilisemwa bronzi yake yote ni ya mizinga ya Warusi iliyotekwa Sevastopol. Wachunguzi walipokuja kuipima metali na kuikagua mizinga yenyewe, ikaonekana sehemu ya metali hiyo ilitoka kwenye mizinga ya Kichina. Kwa hiyo hata nishani kubwa kuliko zote ilikuwa na siri chini ya ngozi.

Matapeli nao wanajua kupika weusi. Wanatumia dawa za salfa, moshi, hata mayai ya kuchemsha kwenye mfuko uliofungwa. Medali iliyotengenezwa mwaka jana inatoka ikiwa na umri wa miaka mia. Lakini miaka ina tabia yake. Patina ya kweli inakuwa nene kwenye mabonde ya mchoro, karibu na herufi na chini ya kishikizo, kisha nyembamba kwenye sehemu zilizoinuka ambazo nguo na vidole vimepita. Ya kupika inalala sawa kila mahali kama rangi ya mlango, au inatoka kwa kidole kilichotiwa mate.

MEDALI ZISIZOTAKIWA KUNG'AA

Kuna weusi mwingine ambao kemia peke yake haitoshi kuueleza. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Kenya kwa sababu ya Mau Mau. Askari wa Keya waliotumika kwenye mapambano hayo walipewa medali ya fedha ya utumishi wa Afrika, yenye kipande juu kilichoandikwa neno moja tu: KENYA. Kipindi chake kinaishia 1956.

Miaka saba baadaye nchi ikawa huru. Fikiria kijiji ambacho mzee mmoja ana medali hiyo, na mwenzake wa nyumba ya pili alifungwa kambini na serikali ile ile iliyoitoa. Nani angeivaa medali hiyo sikukuu ya Uhuru? Mahali pake palikuwa ndani ya sanduku, chini ya nguo, na huko fedha ikafanya inachofanya siku zote penye giza na unyevu.

Kwa hiyo medali nyeusi haimaanishi mzee alikuwa mzembe au hakuithamini. Wakati mwingine weusi ni ukimya wa nyumba nzima. Kuufuta kwa ndimu bila kuuliza ni kuufuta na mjadala ambao pengine familia ilikuwa haijaufanya.

JINA LA UKINGONI

Hapa ndipo penye uzito wa habari yote. Medali za Vita ya Kwanza za Uingereza ziligongwa maandishi ukingoni: namba ya askari, cheo, jina, kikosi. Za Vita ya Pili, Uingereza iliamua zitolewe bila jina, ingawa nchi kama India, Australia na Afrika Kusini ziliandika za kwao. Kama nyota ya Burma ya babu haina jina mgongoni, usidhani imefutwa.

Lakini zile za mwanzo zina jina, na jina hilo ni adimu kuliko fedha. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya Uingereza kwenye Vita ya Kwanza, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Wenzao Wazungu walichongewa mawe, mmoja mmoja. Kwa familia ya huku, ukingo wa medali unaweza kuwa ndiyo sehemu pekee ambayo jina la mtu wao liligongwa kwenye metali.

Na hata huo umeshapungua. Mwaka 1980 bei ya fedha ilipopanda hadi karibu dola 50 kwa aunsi, medali nyingi za 1914 hadi 1920 ziliyeyushwa, maana kila moja ina kama aunsi moja ya fedha. Chungu cha kuyeyushia hakisomi jina. Mnunuzi wa vyuma naye anapima kwa mizani.

SASA UFANYE NINI?

Kwanza, usisugue. Majivu, mchanga, ndimu, dawa ya meno, Brasso, vyote weka pembeni. Ile mbinu ya mtandaoni ya karatasi ya foili na magadi nayo iache. Kweli inatoa weusi, lakini inaichuna medali ngozi yote na kuiacha imepauka, na maji yakiingia kwenye viungo vya kishikizo yanaleta madhara baadaye.

Pili, soma ukingo. Zima taa, washa tochi ya simu, imulike medali kwa upande, siyo kwa juu. Weusi uliolala ndani ya herufi ndio utakaokusaidia, kwa sababu unazifanya zionekane. Piga picha, andika namba na jina kama vilivyo, hata kama tahajia ni ya karani aliyeandika kwa sikio la Kiingereza.

Tatu, ihifadhi. Ishike kwa glavu za pamba au kwa kitambaa safi cha pamba. Usiifunge kwa rababendi, usiizungushie gazeti wala kitambaa cha sufu, usiitie kwenye plastiki laini yenye harufu. Boksi kavu na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya vinatosha. Utepe uache ulivyo hata kama umechakaa, maana nao ni wa zamani.

Nne, uliza. Kabla wazee waliobaki hawajaondoka, waulize medali hii ilikuwa ya nani, alikwenda wapi, na kwa nini iliwekwa chini kabisa ya sanduku. Majibu yaandike kwenye karatasi, kisha karatasi iwekwe bahasha yake, mbali kidogo na medali, kwa sababu hata karatasi ina salfa.

Mtu akikutembelea akasema, "Mbona chafu hivi?", mpe tochi, mwambie asome ukingoni.